Mwongozo kamili: namna ya kulinganisha GPS za gari kabla ya kununua, kwa dereva wa Dar es Salaam

Malalamiko ya walionunua GPS za gari yanafanana sana. Mtu kachukua kifaa kizuri, skrini kubwa, sauti safi, akakibandika kwenye kioo cha mbele. Kuwasha tu, anaona mshale wa gari lake umesimama kwenye uwanja mweupe usio na barabara hata moja. Mwingine barabara anaziona, lakini akitaka kwenda Kigamboni anapelekwa Magogoni kupanda kivuko, kana kwamba daraja halijajengwa. Hela imeshatoka na duka halirudishi.

Wengi wao walilinganisha vifaa kwa maneno ya kwenye boksi: inchi za skrini, idadi ya sauti, bluetooth. Ramani ya Dar es Salaam na namna kifaa kinavyofanya kazi kwenye barabara zetu havisomeki kwenye boksi. Vinajulikana kwa kujaribu, na majaribio yenyewe ni haya.

Angalizo la mapema: madukani Kariakoo ukisema "GPS ya gari" tu, mara nyingi utaonyeshwa kile kifaa chenye laini kinachofichwa kwenye gari ili mwenye gari alifuatilie. Sema wazi kwamba unataka ya kuelekeza njia, yenye skrini na ramani.

## Utakavyohitaji

- Vifaa viwili au vitatu unavyovifikiria, hata vya kuazima kwa marafiki.
- Simu yenye programu ya ramani inayofanya kazi bila bando, kwa mfano Organic Maps au OsmAnd, ikiwa na ramani ya Tanzania iliyopakuliwa tayari. Hii ndiyo ya kupimia wengine.
- Waya wa chaja ya gari uliokuja na kila kifaa. Usitumie wa kubahatisha. Sababu iko Hatua ya 7.
- Kompyuta na intaneti ya uhakika. Mafaili ya ramani yanaweza kufikia magigabaiti, hivyo bando dogo la simu halitoshi.
- Kadi ya microSD ya GB 16.
- Daftari, na mtu wa kukaa kiti cha abiria aandike. Dereva haandiki.

## Hatua ya 1: Amua kama unahitaji kifaa kabisa

Kama safari zako ni Mbezi kwenda Posta na kurudi, simu inakutosha. Tena kwa foleni simu ni bora, kwa sababu inapata taarifa za magari yaliyo mbele yako muda huohuo kupitia intaneti. Ukiwa na redio ya Android kwenye dashibodi, nayo ihesabu kama simu.

Kifaa maalumu kina faida kwa watu wa aina tatu. Wa kwanza ni anayekwenda mikoani, ambako mtandao unakatika kwa kilomita nyingi. Wa pili ni dereva wa abiria au mizigo ambaye simu yake inaita siku nzima, na kila ikiita ramani inafunikwa. Wa tatu ni anayeendesha saa nyingi juani hadi simu inapata moto na kujizima. Kama humo katika hao, pesa yako itunze.

Jambo la kuelewa hapa: kupokea mawimbi ya satelaiti ni bure na hakuhitaji laini wala bando. Kinachokula bando ni ramani inayopakuliwa ukiwa njiani. Kifaa chenye ramani ndani yake kitafanya kazi Mikumi sawasawa na kinavyofanya Mwenge.

Ukifaulu: umeandika sehemu kumi unazokwenda kweli. Weka mchanganyiko: mjini kati, mtaa wa ndani, njia ya vumbi, na angalau moja nje ya mkoa. Orodha hii utaitumia hadi mwisho.

## Hatua ya 2: Ulizia ramani kabla ya bei

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo usiwe na haraka.

Ukimuuliza muuzaji, "Kaka, humu ndani ramani ya Tanzania imo?" atakujibu, "Imo bosi, dunia nzima." Huenda hakudanganyi kwa makusudi. Vifaa vingi vina ramani ya msingi ya dunia, inayoonyesha mipaka ya nchi, miji mikubwa na barabara kuu chache. Ukiitazama kwa mbali utaiona Tanzania, na Dar es Salaam imeandikwa. Mitaa haimo.

Mwombe akiwashe, kisha fanya hivi:

1. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ramani, ufungue orodha ya ramani zilizomo. Tafuta jina la Tanzania, au la ukanda wa Afrika unaoitaja Tanzania. Ukikuta Ulaya, Amerika Kaskazini au Japani peke yake, hicho hakina mitaa yetu.
2. Rudi kwenye ramani, vuta karibu hadi Sinza au Tandale. Mitaa ya ndani ionekane, na ifunguke ukiigusa.
3. Omba njia kutoka ulipo hadi sehemu ya tatu ya orodha yako. Kuna ramani za picha tu, ambazo unaziona lakini kifaa hakiwezi kupanga njia juu yake.

Tahadhari kuhusu vya Japani. Magari yetu mengi yametoka huko, na mengine yanafika na skrini ya ramani au kifaa cha kubandika, kama vile Gorilla za Panasonic. Zilitengenezwa kwa soko la Japani, ramani yake ni ya Japani. Usinunue kwa kuambiwa "fundi ataiflashi". Mlipe fundi pale tu atakapokuonyesha kifaa kama hichohicho, toleo lilelile, kikiwa na mitaa ya Dar na kikikupangia njia.

Je, ramani inaweza kuongezwa? Inategemea kampuni, na kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kulinganisha. Vifaa vya Garmin vinakubali ramani za watu wengine. Unaweza kununua ya Tracks4Africa, inayopendwa na wanaosafiri porini na mikoani, au kupata ya bure inayotokana na OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Ya bure unapakua faili liitwalo gmapsupp.img, unaliweka kwenye kadi ya microSD ndani ya folda yenye jina Garmin, unachomeka kadi, unawasha kifaa, kisha unaichagua kwenye orodha ya ramani. TomTom wao wamefunga mlango: unatumia ramani zao wenyewe. Kwa hiyo TomTom isiyo na Tanzania iache dukani, na Garmin isiyo na Tanzania bado ina tiba.

Ramani ya OpenStreetMap kwa Dar es Salaam usiidharau kwa kuwa ni ya bure. Kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walizunguka wakichora vichochoro, mitaro na majengo, hasa maeneo yanayofurika. Kuna mitaa ya uswahilini imechorwa humo kwa undani ambao ramani za kulipia hazina.

Ukifaulu: kifaa kimekupangia njia hadi angalau sehemu nane kati ya kumi za orodha yako. Chini ya hapo, kiondoe kwenye mashindano hata kama bei inavutia.

## Hatua ya 3: Pima umri wa ramani kwa madaraja

Tarehe iliyoandikwa kwenye ramani ni ya kutolewa kwake. Taarifa za ndani zinaweza kuwa za zamani zaidi. Bahati nzuri mji wetu umejengwa miundombinu mikubwa ambayo miaka yake inajulikana, nayo inakuonyesha ukweli ndani ya dakika chache:

- Daraja la Nyerere, Kigamboni (2016). Omba njia kutoka Kurasini hadi Kigamboni. Kifaa kikikutuma kwenye kivuko bila kutaja daraja, hakikisha kwanza hujaweka marufuku ya barabara za kulipia. Kama hujaweka, ramani ni kuukuu sana.
- Barabara ya juu ya Mfugale, TAZARA (2018). Vuta karibu uone kama Nyerere inapita juu ya Mandela.
- Njia za juu za Kijazi, Ubungo (2021). Hapa kuna ngazi tatu. Ramani inayoonyesha makutano ya kawaida yenye mataa imepitwa na wakati.
- Daraja la Tanzanite (2022). Omba njia kutoka Hospitali ya Aga Khan hadi Coco Beach. Ikikuzungusha Selander, ramani ni ya kabla ya hapo.

Kisha fanya jaribio la njia za mabasi ya mwendokasi. Omba njia kutoka Kimara hadi Magomeni, halafu vuta karibu uangalie mstari uko upande gani wa Barabara ya Morogoro. Njia za mabasi zimekuwapo tangu 2016 na gari binafsi haliruhusiwi humo. Ramani iliyochorwa vizuri inazitenganisha. Iliyochorwa vibaya itakuambia ugeuze kulia mahali penye ukingo wa zege. Maliza na Kariakoo: kama unajua mtaa wa kwenda upande mmoja, omba njia inayokulazimisha kuingia kinyume, uone kama kifaa kitakataa.

Ukifaulu: madaraja yote manne yapo na mstari wako hauko kwenye njia ya mabasi. Ukikosa Tanzanite peke yake, bado inavumilika kama ramani inaweza kusasishwa.

## Hatua ya 4: Jaribu kuingiza mahali

Dar es Salaam tunaelekezana kwa alama: shuka Mwenge, pita sheli, kunja kulia kwenye duka la dawa. Kifaa hakielewi hivyo. Kinataka jina lililomo kwenye ramani, namba ya nyumba na mtaa, au namba za latitudo na longitudo.

Anza na majina. Andika Muhimbili, Mlimani City, Mbagala Rangi Tatu, na jina la shule iliyo karibu na kwako. Hesabu yaliyopatikana. Kisha jaribu anwani yako mpya ya makazi, ile yenye jina la barabara na namba iliyobandikwa mlangoni. Vifaa vingi bado havina namba hizo. Programu ya serikali ya NaPA ndiyo inayozitambua, kwa hiyo usikiadhibu kifaa kwa hilo.

Sasa namba. Mteja akikutumia mahali kwa WhatsApp, fungua kwenye ramani ya simu ubonyeze alama ile kwa muda, utaona namba mbili, mfano -6.79, 39.21, ambayo ni maeneo ya Ubungo. Ukiweza kuhamisha namba hizo kwenye kifaa, huhitaji jina la mtaa tena. Makosa yanayorudiwa hapa ni matatu:

1. Kuchanganya nukta na dakika. Katikati ya mji ni nyuzi 6 na dakika 48 kusini. Ukiandika kwa desimali, hiyo ni 6.80, kwa sababu nyuzi moja ina dakika 60, na 48 gawa kwa 60 ni 0.80. Anayeandika 6.48 anasogezwa kaskazini kilomita 35 hivi. Nenda mipangilio, chagua mfumo wa desimali, uuache hapo daima.
2. Kusahau kusini. Alama ya kutoa mbele ya 6 maana yake ni kusini mwa ikweta. Kama kifaa kina kitufe cha N na S, chagua S. Ukiacha N utapangiwa safari ya Ethiopia.
3. Kugeuza mpangilio. Inaanza 6, inafuata 39. Ukigeuza namba huku S ikibaki kwenye ya kwanza, nukta inaangukia baharini, kusini mwa Atlantiki, na kifaa kinasema hakuna njia.

Kifaa ambacho hakina kabisa mahali pa kuandika namba hizi usikinunue, kama kazi yako ni kufuata wateja.

Ukifaulu: umeingiza namba za kwako nyumbani na bendera imesimama ndani ya mita chache kutoka getini.

## Hatua ya 5: Pima kushika satelaiti

Satelaiti za GPS ziko kilomita kama 20,200 juu yetu, na kifaa kinahitaji kuzisikia nne kwa wakati mmoja ili kijue kiliko. Kila satelaiti inarudia taarifa za mahali ilipo kila sekunde 30. Ratiba nzima ya satelaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kupokelewa. Ndiyo maana kifaa kilichotoka mbali, au kilicholala kabatini muda mrefu, kinachelewa mara ya kwanza. Watu wamerudisha vifaa vizima dukani kwa kukosa subira hii.

Kiweke uwanjani, mbali na miti na ghorofa, kwa robo saa bila kukisogeza. Kizime, kiwashe tena: safari hii kishike ndani ya dakika moja. Kisha rudia ukiwa ndani ya gari. Tofauti ikiwa kubwa, kioo chako ndicho kikwazo. Baadhi ya tinti zenye metali na vioo vya kupunguza joto huzuia mawimbi. Hapo sogeza kifaa pembeni ya kioo, au tafuta chenye tundu la antena ya nje.

Angalia pia kama kifaa kinapokea mifumo mingine, yaani GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya au BeiDou ya China. Satelaiti nyingi zaidi zinasaidia pale Posta, ambako ghorofa zinaziba nusu ya anga na mshale unaruka mtaa wa pili.

## Hatua ya 6: Endesha njia moja na vifaa vyote

Washa vyote pamoja, jioni ya kuamkia siku hiyo vipangie sehemu zilezile, na uende Jumapili asubuhi ili foleni isikuchanganye. Mzunguko ninaoupendekeza: anza Mwenge, shika Sam Nujoma, vuka Ubungo kwa juu uingie Mandela, nenda hadi TAZARA, kunja kushoto Nyerere hadi Posta, toka kwa Barack Obama Drive, vuka Tanzanite, kisha Ali Hassan Mwinyi na kurudi Mwenge. Humo kuna barabara ya juu, ghorofa, kipilefti, daraja jipya na barabara pana.

Abiria aandike haya:

- Kimetoa onyo la kukunja umbali gani kabla? Kwenye Mandela, mita 50 ni kuchelewa. Lori liko kushoto kwako na huwezi kuhama.
- Ubungo kimejua uko juu au chini? Vifaa vingi vinachanganya hapa, kwa kuwa ngazi zote ziko sehemu moja ukizitazama kutoka angani.
- Kosea njia kwa makusudi mara moja, mahali salama. Kimechukua sekunde ngapi kupanga upya? Zaidi ya sekunde 10 ni nyingi. Je, kimekuambia ugeuze pale pale, mahali pasipo na nafasi ya kugeuza?
- Sauti inasikika vioo vikiwa wazi na bodaboda wakipita?

Tahadhari: mabarabara ya mwendokasi yanavyoendelea kujengwa, sehemu za kugeuzia gari zinahama. Alama za barabarani na trafiki wana neno la mwisho. Kifaa kikisema tofauti, kiache kiseme.

Kuhusu foleni, usilipe nyongeza kwa toleo lenye huduma hiyo hadi uone foleni ya Dar ikionyeshwa mbele yako. Vifaa hivi huipata kwa mawimbi ya redio katika nchi zinazoirusha, au kwa kuunganishwa na simu. Ikiwa italazimu simu, basi simu yenyewe inaweza kukuonyesha.

## Hatua ya 7: Skrini, umeme na jua

Skrini ya inchi 5 inatosha gari dogo, ya inchi 7 inafaa lori au basi. Itazame saa saba mchana, jua likiwa juu. Dukani kwenye kivuli zote zinang'aa.

Betri za vifaa hivi hudumu kama saa moja tu, kwa hiyo waya ni lazima. Ukitumia waya wa kompyuta badala ya ule wa gari, baadhi ya Garmin hudhani vimechomekwa kwenye kompyuta na kukataa kuonyesha ramani. Kama unaendesha lori la volti 24, soma kwenye chaja yenyewe kama inaruhusu 12 hadi 24. Ikiwa imeandikwa 12 peke yake, itaungua.

Gari lililofungwa juani linawaka, na betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa joto likizidi nyuzi 45. Ukishuka, kitoe kifaa. Kishikio kiwekwe chini, pembeni, mahali kisipofunika barabara wala kukaa mbele ya mfuko wa hewa.

## Hatua ya 8: Hesabu gharama yote

Andika bei ya kifaa, ongeza ramani kama haimo, ongeza masasisho. Neno "masasisho ya maisha" lina masharti mawili: ni maisha ya kifaa kadiri kampuni inavyoendelea kukihudumia, na ni ya ramani ya ukanda kilikouzwa. Kifaa cha Ulaya kitasasishiwa Ulaya hadi kife.

Kwa kilichotumika, angalia tarehe inayoonyeshwa kikishashika satelaiti. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na ilianza upya tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani visivyosasishwa vinaonyesha tarehe iliyorudi nyuma karibu miaka 20, na makadirio ya muda wa kufika yanaweza kuharibika. Mwambie muuzaji akisasishe mbele yako, akishindwa, kiache.

Dai risiti ya EFD yenye namba ya kifaa. Bila hiyo waranti ni maneno matupu.

Kuchagua: aliyeshindwa Hatua ya 2 au ya 4 ametoka. Waliobaki wakifungana, mchukue aliyeshinda Hatua ya 6, hata kama skrini yake ni ndogo.

## Hatua ya 9: Siku ya kwanza baada ya kununua

Sasisha ramani kwa kompyuta kabla ya safari yoyote. Weka mfumo wa desimali. Zima njia za vumbi kama gari lako ni la chini, ila kumbuka kuziwasha ukienda Madale ndani au Chanika, la sivyo kifaa kitasema hakuna njia.

Pale kwenye "Nyumbani" usiweke geti lako. Weka sheli au kituo cha daladala kilicho karibu, kwa sababu anayeiba kifaa anaiba na anwani.

Kila ukifika kwa mteja mpya, hifadhi alama ukiwa umesimama palepale. Baada ya miezi michache orodha yako itakuwa na faida kuliko majina yaliyokuja na ramani. Na wakati wa masika, kabla ya kushika Barabara ya Morogoro kwenda mjini, sikiliza redio au uliza waliotoka huko kama Jangwani panapitika; kifaa hakioni maji. Ikiwa pamefungwa, ongeza kituo cha kati kwenye njia yako, mfano TAZARA, nacho kitakuzungusha kwa Mandela.